Orodha ya Kazi au Noti Zilizounganishwa? Somo la Amana na Elimu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, kila muhula unapoanza swali moja hurudi bwenini kwetu: "Unatumia programu gani kupanga mambo yako?" Mmoja husema ana orodha tu ya kazi kwenye simu, akimaliza jambo anatia tiki na maisha yanaendelea. Mwingine hufungua laptopu na kutuonyesha noti zake zilivyoshikana, nukta mamia kwa mamia zenye nyuzi katikati, nasi tunabaki kushangaa. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Nimeombwa niandike mada hii kama somo la halaqa, nikakubali kwa sababu kosa lililonifundisha halikunigharimu mimi. Lilimgharimu mtu mwingine.

Kisa chenyewe

Muhula wa pili mwaka jana nilikuwa katibu msaidizi wa kamati ya zaka na misaada katika jumuiya yetu. Jumatatu moja baada ya swala ya Magharibi, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinisubiri nje ya msikiti. Ada yake ilikuwa imebaki kidogo, na bila kuimaliza asingepata kadi ya mtihani. Kamati ilikuwa na fedha za kumsaidia. Kilichotakiwa ni barua ya imamu wa kwao na risiti za alichokwisha kulipa, zifike kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi saa kumi alasiri. Alinikabidhi bahasha. Nikamwambia, "Usijali dada, inshallah nitapeleka kesho." Pale pale nikatoa simu, nikaandika.

Niliandika vizuri kabisa. Nilifungua noti niliyoiita "Zaka: wanaostahiki", nikaingiza jina lake, kisha nikaiunganisha na noti ya tofauti kati ya fakiri na maskini kwa mujibu wa madhehebu, na hiyo ikawa imeungana na noti ya Suratut Tawba aya ya 60 na makundi yake manane. Nilikuwa na noti zaidi ya ishirini kuhusu zaka. Nilifunga simu nikiwa nimeridhika kwamba jambo limekaa mahali pake.

Bahasha ilikaa ndani ya kitabu, kitabu ndani ya begi. Alhamisi saa kumi nilikuwa maktaba, nikibadilisha rangi za noti ili za fiqhi ziwe kijani na za hadithi ziwe bluu. Jumamosi usiku ukaja ujumbe: "Assalaam alaykum ustadhi. Samahani kwa usumbufu. Vipi kuhusu ile barua?"

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa Jumatatu asubuhi, na fedha za awamu ile zilikuwa zimeshagawiwa. Ndugu walichanga, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, lakini kadi yake ilitoka Jumanne. Karatasi ya Jumatatu ilimpita, akalazimika kuifanya wakati wenzake wako likizo. Nilikwenda na amiri wetu kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Lakini ustadhi, mimi nilikuona ukiandika."

Maneno hayo ndiyo somo letu. Ni kweli niliandika. Basi kosa lilikuwa wapi?

Vyombo viwili, maswali mawili

Tuanze kwa kuelewa tunachokilinganisha.

Programu ya orodha ya kazi ni chombo chepesi. Unaandika jambo la kufanya, unaweka siku na saa, simu inakukumbusha, unalifanya, unalifuta. Mifano ni Google Tasks, Microsoft To Do na Todoist. Maswali yake ni matatu tu: nifanye nini, kwa ajili ya nani, lini? Kazi ikishafanyika, maandishi yake hayana maana tena.

Programu ya noti zilizounganishwa ina shughuli nyingine. Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, na Logseq ni mifano inayojulikana sana. Humo kila wazo linapata noti yake. Ukitaka kuliunganisha na wazo jingine unaandika jina la noti ile ndani ya mabano mawili ya mraba, [[namna hii]], na programu inatengeneza kiungo. La muhimu zaidi ni kwamba ukiifungua noti ile ya pili, inakuonyesha noti zote zinazoitaja. Swali lake ni moja: jambo hili linahusiana na nini? Noti ya namna hii haina tarehe ya mwisho. Inaweza kukaa miaka mitatu, kisha siku unayoandika utafiti wako wa mwisho ikakuletea faida ambayo hukuitarajia.

Hapo unaona kilichonipata. Jambo lenye saa nililiweka kwenye chombo kisichojua saa. Obsidian, kama ilivyo bila nyongeza, haipigi kengele. Siku ilipofika ilinyamaza, na haikukosea kunyamaza, kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo.

Orodha ya kazi na adabu ya Aya ya Deni

Sote tumepitia tafsiri ya Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inazungumzia watu wanaokopeshana kwa muda maalumu: waandikiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika deni, likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake.

Sisemi kuwa aya hii imeshuka kuhusu simu zetu. Hukumu zake ziko katika vitabu vya fiqhi na wenye kuzieleza ni walimu wetu. Lakini kila ahadi tunayoitoa ni deni la aina yake, na aya inatufunza adabu ya kuandika jambo ambalo mtu mwingine analisubiri. Nimechukua mambo matatu.

Kwanza, muda ni sehemu ya maandishi. Deni lisilo na siku ya kulipwa huzaa ugomvi. Mimi niliandika jina, sababu na dalili za kisheria. Kitu pekee nilichokiacha ni Alhamisi saa kumi.

Pili, dogo nalo huandikwa. Sisi wanafunzi tunaandika tarehe ya mtihani wa mwisho, ambayo hata hivyo hakuna anayeisahau, na tunaacha kuandika "kumrudishia mwenzangu kitabu", "kumpigia mama Ijumaa", "kulipa elfu tano za fotokopi". Na mara nyingi watu hutuvunjia imani kwa hayo madogo.

Tatu, upande wa pili yupo mtu. Sote tunakumbuka kuwa kuvunja ahadi ni katika alama za unafiki alizotutahadharisha nazo Mtume (s.a.w.). Kazi iliyo katika orodha si yako peke yako. Mara nyingi ni haki ya mwingine iliyopita mikononi mwako.

Basi orodha nzuri huandikwaje? Anza na kitendo, kisha mtu, kisha wakati. "Barua ya dada" si kazi, ni kichwa cha habari. "Peleka bahasha kwa mweka hazina, Jumanne baada ya Adhuhuri, mwisho Alhamisi saa kumi" ni kazi. Ukiisoma unajua miguu yako iende wapi. Na kama jambo ni kubwa, andika hatua ya kwanza tu. "Andika utafiti" itakaa mwezi mzima bila tiki. "Muone msimamizi Jumatano kuhusu sura ya kwanza" itafanyika.

Kuhusu programu, usijisumbue sana. Google Tasks inatumia akaunti ambayo wengi wetu tunayo tayari, na kazi zenye tarehe zinaonekana kwenye kalenda. Microsoft To Do ina ukurasa wa siku ya leo ambao kila asubuhi huanza mtupu, wewe mwenyewe ukachagua mambo ya leo. Hilo linamfaa mwenye tabia ya kurundika. Na kijidaftari cha mfukoni kinatosha pia, mradi ukifungue. Tofauti kati ya programu hizi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mwenye kuitazama orodha yake kila siku na asiyeitazama.

Noti zilizounganishwa na kazi ya wanachuoni wa hadithi

Msije mkadhani nimekuja kuwabeza wenye noti zilizounganishwa. Kwa mwanafunzi wa elimu ya dini, na hata wa sheria au tiba, chombo hiki kina faida kubwa, na fikra iliyo ndani yake si ngeni kwetu.

Itazame hadithi ya Umar bin al-Khattab (r.a.) kuhusu amali na nia. Imamu al-Bukhari ameileta katika Sahihi yake mara saba. Iko mwanzo kabisa, kwenye mlango wa kuanza kwa wahyi. Iko katika kitabu cha Imani. Iko kwenye kuwaacha huru watumwa, kwenye fadhila za Ansari inapotajwa Hijra, kwenye Ndoa, kwenye Viapo na Nadhiri, na kwenye kitabu cha Hila. Kwa nini hakuiandika mara moja akamaliza? Kwa sababu kila mahali ina jambo la kusema, na msomaji wa mlango wa ndoa anaihitaji kama anavyoihitaji msomaji wa mlango wa viapo. Hadithi ni moja na milango yake ni saba. Hicho ndicho tunachokiita leo kiungo.

Karne kadhaa baadaye, mjini Damascus, Imamu al-Mizzi, aliyefariki mwaka 742 Hijria (1341), alitunga Tuhfatul Ashraf. Alizipanga hadithi kwa majina ya masahaba waliozipokea, kisha kwa wapokezi waliozichukua kutoka kwao. Anakutajia ncha ya hadithi tu, halafu anakuonyesha ilipo katika vitabu sita mashuhuri. Mtu akiwa na sahaba na ncha ya matini, anafika kwenye hadithi nzima na njia zake. Hakuwa na umeme wala kompyuta, lakini alijua kuwa elimu iliyotawanyika inahitaji nyuzi za kuishika.

Kwa upande wa Ulaya, anayetajwa zaidi na watu wa noti ni mwanasosholojia Mjerumani, Niklas Luhmann (1927–1998). Alikusanya takriban kadi 90,000, kila moja ikiwa na namba yake na marejeo ya kadi nyingine, na kutokana nazo akaandika vitabu vingi. Programu za leo zimejengwa juu ya fikra kama hiyo.

Nikupe mfano kutoka kwenye noti zangu. Mwaka wa kwanza, katika somo la hadithi, niliandika noti ya hadithi ya nia. Mwaka wa pili, katika kanuni za fiqhi, tulisoma kaida kubwa isemayo kuwa mambo huangaliwa kwa makusudio yake, nikaiunganisha na ile hadithi. Muhula uliofuata tukasoma talaka, na mwalimu akaeleza kuwa maneno ya kinaya hurudishwa kwenye nia ya msemaji. Nikaunganisha tena. Halafu siku moja nikiandaa darsa fupi nilitaka kutaja kisa cha yule mtu aliyehama kwa ajili ya kumuoa Ummu Qays, ambacho masheikh wengi hukisimulia kuwa ndiyo sababu ya hadithi hii. Kufungua noti, nikakuta nilishaandika, kutoka somo jingine kabisa, kwamba Ibn Hajar katika Fat-hul Bari anasema hakuona katika njia za upokezi lolote linalosema wazi kuwa kisa hicho ndicho sababu ya hadithi. Kiungo hicho kiliniokoa nisipande mimbari na jambo nisilolithibitisha. Orodha ya kazi isingeweza kunifanyia hivyo hata ingekuwa bora kiasi gani.

Mtego uliopo

Lakini kila chombo kina mtego wake.

Mtego wa orodha ni kuwa mtu wa tiki. Unafuta kazi kumi kwa siku, na zote ni nyepesi, huku hifdhi yako haijasogea aya moja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache. Kwa hiyo katika orodha yako acha nafasi ya jambo moja la kudumu, na usilipime kwa wingi wa tiki.

Mtego wa noti zilizounganishwa ni mkubwa zaidi, kwa sababu unafanana na kusoma. Kupanga folda, kubadilisha rangi, kutazama nukta zinavyoshikana, yote hayo yanakupa raha ya mtu aliyesoma na hujasoma. Nilikuwa nakopi makala nzima na kuiweka. Nikiulizwa darasani, nasema "nina noti yake". Kuwa nayo na kuijua ni mambo mawili.

Wanahistoria wanasimulia kisa cha Imamu al-Ghazali katika ujana wake. Alisafiri hadi Jurjan kusoma, akarudi na noti zake zote katika mfuko. Njiani majambazi wakawavamia na kuchukua kila kitu. Al-Ghazali akamfuata mkuu wao akimsihi amrudishie zile karatasi tu, kwa kuwa zina elimu aliyoisafiria. Yule jambazi akacheka: vipi unadai kuijua elimu hiyo, nasi tumeichukua ukabaki huna kitu? Kisha akamrudishia. Al-Ghazali aliyaona maneno yale kuwa ni ukumbusho kutoka kwa Mwenyezi Mungu, akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi alichokiandika, ili hata akiporwa tena asibaki mtupu.

Ndugu zangu, simu zetu zinaibwa kwenye bodaboda na kwenye teksi kila wiki. Jiulize: simu yako ikipotea leo, utabaki na nini?

Namna ya kuchagua

Sasa tuje kwenye uamuzi. Usianze kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Jiulize maswali haya manne.

1. Katika mwezi uliopita, kipi kilikuumiza zaidi: kusahau jambo ulilotakiwa kulifanya, au kushindwa kupata jambo ulilowahi kulisoma? Kama ni la kwanza, unahitaji orodha. Kama ni la pili, unahitaji noti.

2. Je, kuna watu wanaokutegemea? Kiongozi wa jumuiya, mweka hazina wa darasa, imamu wa zamu, anayelea wadogo zake akiwa mbali: hawa orodha ni wajibu wao kabla ya kingine chochote.

3. Uko mwaka gani na unasoma nini? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye masomo sita na kazi za kozi kila wiki, orodha inamtosha. Aliye karibu kuanza utafiti wa mwisho, au anayefuatilia mada moja miaka kadhaa, atafaidika na noti zilizounganishwa.

4. Una kifaa gani? Obsidian na Logseq huweka noti zako kama mafaili ndani ya kifaa chako, kwa hiyo zinafunguka bila bando. Programu kama Notion huweka mambo yako kwenye seva za kampuni na hutegemea zaidi intaneti. Mwenye simu ya kawaida, bando la kubahatisha na umeme unaokatika azingatie hilo.

Ushauri wangu kwa wengi wetu ni huu: anza na orodha, uitumie muhula mmoja mzima hadi iwe tabia. Noti zilizounganishwa zije baadaye, zikiitwa na haja. Sababu yake si kwamba kazi ni bora kuliko elimu. Elimu husubiri. Kitabu ulichokiacha leo utakikuta kesho. Lakini haki ya mtu ina saa yake, na saa ikipita hairudi.

Na ukiwa na vyote viwili, weka mpaka. Mimi sasa nina kanuni moja: chenye tarehe kinaingia kwenye orodha, hata kama kinahusu elimu, kisicho na tarehe kinaingia kwenye noti, hata kama ni kifupi. Nikisikia katika darsa faida mpya kuhusu zaka, hiyo ni noti. Nikiambiwa nimpelekee mtu zaka yake, hiyo ni orodha, na naiandika kabla sijavaa viatu kutoka msikitini.

Hatua za kuanza wiki hii

Kwa atakayependa kujaribu, afuate mpangilio huu mwepesi.

*Siku ya kwanza.* Chukua karatasi, andika kila ulichomuahidi mtu na hujakitimiza. Usiandike masomo kwanza, andika ahadi. Wengi wetu tutashtuka.

*Siku ya pili.* Viingize kwenye programu moja ya orodha, kila kimoja na tarehe. Ambacho huwezi tena kukitimiza, mwendee mwenyewe umwambie. Kumwambia mtu mapema kuwa umeshindwa ni bora kuliko kumwacha akisubiri.

*Kila siku.* Itazame orodha mara mbili, baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Alfajiri chagua mambo matatu ya leo. Isha jihesabu: lipi limefanyika, lipi limebaki na kwa nini. Siku yetu imeshapangwa na swala tano. Hatuhitaji kubuni mpango mwingine, tunatundika kazi zetu kwenye swala. "Baada ya Alasiri" ni wakati ambao sote tunaujua, simu ikiwa na chaji au haina.

*Kwa mwenye noti.* Andika noti tatu tu kwa wiki, kwa maneno yako mwenyewe, bila kukopi. Kila noti iwe na wazo moja na itaje ulikolipata: mwalimu, kitabu, mlango. Sisi ni umma wa isnadi. Noti isiyo na chanzo ni uvumi. Kisha kila Ijumaa ifunike moja na umweleze mwenzako kwa mdomo. Ukishindwa, bado hujaijua.

*Kila mwezi.* Weka nakala ya mafaili yako mahali pengine, kwenye fleshi au kwenye kompyuta ya mwenzako unayemuamini.

Maswali ya halaqa

1. Tafuteni tafsiri ya Suratul Baqara aya ya 282. Ni mambo gani mengine ya adabu ya kuandikiana mnayoyapata humo ambayo hayakutajwa hapa?
2. Kwa nini Imamu al-Bukhari aliiweka hadithi ya nia katika kitabu cha Hila? Ina uhusiano gani na mlango huo?
3. Kila mmoja ataje ahadi moja ndogo aliyoisahau muhula huu. Nani aliumia?
4. Je, kuna wakati ambapo kukusanya elimu kunakuwa njia ya kukwepa amali? Mtajuaje kwamba mmefika hapo?

Neno la mwisho

Yule dada alifaulu karatasi yake, alhamdulillah, na sasa yuko mwaka wa pili. Muhula huu amechaguliwa kuingia kwenye kamati ile ile ya zaka. Katika kikao cha kwanza alikuja na daftari dogo lenye mistari, kila mwombaji na mstari wake, tarehe pembeni. Niliomba kulitazama. Halikuwa na kiungo hata kimoja wala rangi. Kila jina lililotakiwa kufikiwa wiki ile lilikuwa na tiki.

Mimi bado nina noti zangu za zaka, na sasa zimefika arobaini. Sizijutii, nitazitumia katika utafiti wangu inshallah. Ila juu kabisa ya noti ya kwanza, ile ya wanaostahiki, nimeandika sentensi moja ya kujikumbusha: majina ya watu hayakai hapa.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atusaidie kutekeleza amana za watu kabla ya kuulizwa, na atusamehe tuliyoyasahau na tuliyoyakosea. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.